Mkwezi wa Gazi Aliyekataa Kuapa Uongo

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye na wageni asiwafukuze, awakaribishe nao wasikilize. Leo tunamkumbuka mtu wa Gazi, huku kwetu pwani ya kusini, aliyezikwa Ijumaa iliyopita baada ya sala ya Ijumaa. Jina lake Chirau.

Chirau alikuwa mkwezi wa minazi. Kisha akawa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kisha akawa fundi wa kushona makuti. Na kwa miaka minne, mwaka sitini na moja hadi sitini na tano, alikuwa na kazi nyingine juu ya hiyo. Kazi hiyo ilikuwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Nisikilizeni vizuri, maana ni kisa cha kutia uchungu, lakini mwisho wake mtajivunia mtu wenu.

Tuanze na minazi. Chirau alianza kukwea akiwa hajaota ndevu. Alifundishwa na mjomba wake, Kavumbi, kaka yake mama yake, Bi Mbeyu. Baba yake, Mzee Waziri, alikuwa mkataji wa boriti. Miezi mingi Waziri alikuwa mikokoni, au safarini kuziuza. Kwa hiyo Chirau alilelewa nyumbani kwa mjomba. Alikula kwa mjomba, alitahiriwa kwa mjomba, na alipofika umri wa kuoa, mjomba ndiye aliyekwenda kumposea Kadzo. Mzee Waziri hakuona ubaya. Ndivyo Wadigo wengi walivyoishi siku zile.

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Waziri ndiye baba aliyemzaa. Kavumbi ndiye mjomba aliyemlea.

Mwaka arubaini na mbili, vita vikiwa vimepamba moto, wakaja watu wa kuandikisha askari Msambweni. Chirau akajitokeza. Kavumbi akamsindikiza kwa miguu. Karani wa jeshi hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Jina?" Kijana akasema, "Chirau." Karani akauliza, "Wa nani?" Na Chirau, mjomba wake akiwa amesimama ubavuni pake, akajibu, "Wa Kavumbi."

Wasikilizaji wa bara huenda mkashangaa. Wadigo hawatashangaa. Mtu mwenye kauli juu yako ndiye unayemtaja. Karani akaandika Chirau Kavumbi, akagonga muhuri, na safari ikaanza.

Walimpeleka Burma. Huko alikutana na Thoya, Mgiriama wa upande wa Malindi, wakawa chanda na pete. Mwaka arubaini na nne kombora lilipasuka karibu nao. Kipande cha chuma kikaingia bega la kulia la Chirau. Thoya ndiye aliyembeba mpaka kwenye hema la madaktari. Anasema, "Damu inamtoka, na bado ananisimanga! Ananiambia, 'Thoya, unanibeba kama gunia la nazi, nigeuze vizuri.' Nilimwambia anyamaze nisije nikamtupa."

Chuma kilitolewa. Kovu likabaki. Mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua.

Aliporudi Gazi alikuta Kavumbi ameshazikwa. Mjomba wake alikufa yeye akiwa vitani. Siku ya tatu Chirau alikwenda kwenye mnazi ulio nyuma ya nyumba. Akaukumbatia kwa mkono mmoja. Akasimama pale muda mrefu. Mkewe Kadzo alimwona kutoka mlangoni. "Sikumwita," Kadzo ametuambia. "Nilirudi ndani nikatwanga mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yametwangwa tangu jana."

Ndipo alipoanza kushona makuti. Aliubana ufito kwa vidole vya mguu, na kwa mkono wa kushoto akakunja jani na kushona. Mwanzo makuti yake yalikuwa kichekesho. Baada ya mwaka mmoja, watu walitoka Diani na Waa kuja kuyaagiza. Wakati huohuo aliandikishwa kipande kipya, kile kitambulisho cha siku za mkoloni. Mjomba hayupo, baba yupo. Kipande kikaandikwa Chirau Waziri, na hakuna aliyefikiri zaidi.

Sasa njooni mwaka sitini na moja. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Wazungu wanafunga mizigo. Askari wa zamani waliambiwa, mwenye dai la ulemavu alipeleke mapema, maana baadaye haitajulikana nani wa kuulizwa. Chirau akavaa shati lake la Idi, akavuka Likoni mpaka mjini. Ofisi yenyewe sitaitaja. Waliofika pale wanaijua, na viatu vyao vinaijua zaidi.

Akapelekwa kwa daktari. Daktari, mgeni wa pwani lakini aliyekwisha kusikia habari za wakwezi wanaoanguka, akatazama bega. Akauliza, "Kazi yako nini kabla ya vita?" Chirau akajibu kwa fahari, "Mkwezi wa minazi." Daktari akaandika haraka. Chirau akaomba asomewe. Ilikuwa imeandikwa kwamba mtu huyu aliumia kwa kuanguka mnazini.

Jamani! Kumwambia mkwezi wa Gazi ameanguka! Angemtukana ingekuwa afadhali. Chirau alikwea tangu utotoni na hakuanguka hata siku moja. Alisema, "Daktari, ningeanguka mnazini, nyinyi mngenichukua vitani kwa bega gani?" Daktari akaita mtu mwingine.

Thoya alikuja kutoka Malindi kutoa ushahidi. Alieleza kombora, hema na yale masimango. Ofisi ikasema rafiki si karatasi. Kilichotakiwa ni faili la jeshi. Likatafutwa. Mwaka mmoja ukapita. Ofisi hii ikasema faili liko Nairobi, Nairobi wakasema labda liko Uingereza. Mwishowe likapatikana, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: hema, kombora, bega la kulia. Lakini juu yake pameandikwa Chirau Kavumbi. Na aliyesimama mbele ya meza, kwa mujibu wa kipande, ni Chirau Waziri. Ofisi ikasema huyu ni mtu mwingine. Alitaja namba yake ya jeshi bila kukwama. Wakamwambia namba hukaririwa na yeyote.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, Chirau alikuwa na bega lakini hakuwa na vita. Faili lilikuwa na vita lakini halikuwa na mtu.

Mambo yakiwa hapo ndipo uhuru ulipokuja, Desemba mwaka sitini na tatu. Msambweni palifanywa baraza kubwa, na askari wa zamani wakawekwa mstari wa mbele. Bendera ilipopanda, wote wakapiga saluti. Chirau akapiga kwa mkono wa kushoto. Polisi mmoja akamnong'oneza kwa ukali, "Mzee, mkono wa kulia!" Chirau akajibu, naye hakunong'ona, "Wa kulia niliuacha Burma. Huu ndio uliorudi kuona uhuru." Watu wa mstari wa nyuma walipiga makofi, na polisi akapata haya.

Mwaka uliofuata alipata karani mpya, Bwana Jefwa, mtu wa Kilifi, mpole. Jefwa alitaka kusaidia kwa kweli. Akamwandikia hati ya kiapo. Akamwambia, "Mzee, weka sahihi hapa kwamba mwaka arubaini na mbili ulitoa jina la uongo. Vita vimekwisha, hakuna wa kukushtaki. Dai lako litapita mwezi huu."

Chirau akauliza, "Jina la uongo ni lipi?"

"Kavumbi."

Chirau akasema, "Bwana Jefwa, huyo ndiye aliyenifundisha kukwea. Ndiye aliyeniposea mke. Alikufa mimi niko Burma, hata udongo sikumtilia. Leo nije mbele yako nimwite uongo?" Akaisogeza kalamu upande wa Jefwa kwa mkono wake wa kushoto. Akaaga kwa adabu, akatoka.

Miaka mitatu alikuwa akililia dai lile, na sahihi moja ingelimaliza. Hakuitia.

Nyumbani hakupokewa kwa shangwe. Kadzo hafichi. "Nilimkasirikia sana," anasema. "Nilimwambia, Kavumbi amekufa, hali wala hanywi. Sisi ndio tunaokula. Alikwenda kwenye makuti yake. Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu nikaenda kwa mama mkwe, nikamwambia, mama, mwambie mwanao atie sahihi."

Bi Mbeyu alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho. Akauliza kama ofisi hiyo hufunguliwa Jumatatu. Kisha akasema, "Basi twende mimi na wewe. Chirau tumwache ashone."

Wakaenda. Bi Mbeyu alikuwa na miaka sitini na ushei, na leso mbili mpya alizokuwa ameziweka kwa ajili ya arusi. Jefwa alisimama alipomwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesema mwanangu amedanganya?"

"Sikusema mimi, bibi. Ni karatasi."

"Karatasi haina mdomo. Umesema wewe."

Kadzo anasema alitamani kujificha chini ya meza. Lakini Bi Mbeyu alikuwa ndiyo kwanza anakaa kitini. Akaendelea, "Waziri ni mume wangu. Ndiye aliyemzaa Chirau. Kavumbi ni ndugu yangu, tumbo moja. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyempeleka Msambweni mkaja mkamchukua. Kwetu mjomba akimjibia mwana, baba haibiwi kitu. Mwanangu aliulizwa akasema kweli. Wewe una kalamu, na wino naona unao. Kimekushinda nini kuwaandika wote wawili?"

Jefwa alicheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Bibi, kwetu Kilifi mtoto huitwa kwa baba. Hili sikulijua." Akaiweka kando hati ya uongo. Akatoa karatasi safi. Akaandika kwamba Chirau Kavumbi na Chirau Waziri ni mtu mmoja, kwamba mjomba kwa mila ya watu wake huweza kutajwa mahali pa baba, na kwamba jina la mwaka arubaini na mbili lilitolewa kwa nia njema. Bi Mbeyu akasomewa neno kwa neno. Ndipo akaweka dole gumba. Namheshimu Bwana Jefwa kwa siku hiyo. Karani anayekubali kwamba hakujua ni mtu wa kushukuriwa.

Majibu yalikuja mwaka sitini na tano. Binti yao Jumwa ndiye aliyemsomea baba yake. Dai limekubaliwa. Malipo hayakuwa ya kumjengea mtu ghorofa, na Chirau hakuyaulizia mara mbili. Alichoomba kurudiwa ni mstari mmoja, uliosema bega la kulia lilijeruhiwa vitani. Jumwa aliusoma mara tatu. Kisha Chirau akaichukua barua, akaenda nayo shambani walipokuwa wakwezi wenzake wa zamani. Aliwafikia mmoja mmoja. Aliwaambia, "Imeandikwa na serikali. Sikuanguka."

Wakwezi walimbeba juujuu. Mzee mzima, na mguu mmoja kiatu kimemtoka! Kadzo anasema hakumwona akicheka vile tangu kabla ya vita.

Juma lililopita homa ilimshika Jumatano, na Alhamisi usiku Chirau akatutoka. Thoya alipata habari, akafika Ijumaa kabla ya jeneza kutolewa. Thoya si Mwislamu. Alisimama pembeni ya kaburi, kofia mkononi. Baada ya udongo kutiwa, mwalimu wa dini aliketi upande wa kichwani, kama ilivyo desturi ya mazishi yetu, akamwita marehemu kwa jina ili amkumbushe majibu atakapoulizwa kaburini. Akaita, "Ewe Chirau, mwana wa Mbeyu."

Thoya alishtuka. Anasema alidhani mwalimu amekosea, na kesi imeanza upya. Akamuuliza mtu wa karibu. Akaambiwa hapana, kaburini maiti huitwa kwa mama yake.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa mkono wa taziya kwa Bi Kadzo, kwa Jumwa na nduguze, kwa Thoya, na kwa watu wote wa Gazi. Subirini, na Mwenyezi Mungu awape malipo ya subira. Nasi tuliobaki tujiulize. Kuna wangapi wanaotembea na makovu yao kutoka ofisi hii hadi ile, wakiambiwa wao ni watu wengine? Ukimjua mmoja, mfuate umsindikize. Na ewe uliyekaa nyuma ya meza, kabla hujamwita mtu mwongo, muulize kwao huitanaje.

Na kwako, Bi Mbeyu, mama uliyemzika mwana, sina maneno makubwa kuliko yako mwenyewe. Wanawake walikuwa wamebaki nyumbani matangani. Thoya aliporudi kutoka makaburini alipiga magoti mbele ya mama huyu, akamweleza jina lililoitwa. Bi Mbeyu alijifuta macho kwa pembe ya leso. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi shahidi wake ni mimi tena."

Mungu amrehemu Chirau wa Kavumbi, Chirau wa Waziri, Chirau wa Mbeyu. Amin.