Maneno Niliyoyakata Kalenga

Ndugu zangu, nimesimama hapa na hasira, na sitaificha eti kwa sababu tuko kanisani.

Nilikuwa karani wa mzungu mmoja, msomi wa mila, hapa Iringa. Alitaka kujua ni majarida gani ya elimu ya jamii yenye nguvu. Basi nikawa nasoma yale maandishi madogo chini ya kurasa, na kila jarida lililotajwa nikalipigia alama. Moja liliyapita yote. Gazeti la walimu wetu wa Mbeya halikupata hata alama moja, nikalichoma kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijiona mtu!

Kisha mama yangu mdogo akafiwa na mumewe. Shemeji zake wakamnyang'anya shamba. Barazani bwana shauri, mkuu wa wilaya, akafungua jarida lile lile, akasoma: mjane wa huku hana shamba. Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, nani kawaambia haya?"

Nikatafuta. Huyu kamtaja yule, yule kamtaja mwingine, na wote wanarudi kwenye makala ya mzungu wangu na mazungumzo yake ya asubuhi moja na wazee wa Kalenga. Mkalimani, nawaambia, nilikuwa mimi! Wazee walisema mjane hana shamba *akiolewa kwingine*. Walieleza kirefu, mimi nina njaa, nikakata maneno.

Nikaangukia ulanzi, pombe ya mianzi. Kutwa niko kilabuni, nawatukana wasomi walionakiliana bila hata mmoja kufika Kalenga kuuliza. Nawachukia mpaka leo! Lakini aliyekata maneno ni mimi.

Mama mdogo akapata habari ya niliyoropoka ulevini, akanifuata kilabuni, akamwaga pombe yangu. "Wewe ndiye uliyesema. Amka ukaseme tena."

Nikaenda kwa bwana shauri yule yule kuomba kesi isikilizwe upya, nikakiri. Wazee watatu walikuja kwa miguu kutoka Kalenga. Mmoja alisema Kihehe mpaka bwana shauri akapiga miayo, nami nikatafsiri yote, sikuacha kitu. Shamba likarudi.

Jarida halijasahihishwa. Mzungu aliniambia limeshatajwa mno.

Nawashukuru wazee wale, na mchungaji aliyenipokea nikinuka pombe. Nanyi mkisikia jambo linatajwa na kila mtu, mtafuteni aliyelisikia kwa masikio yake, mumbane.

Mama mdogo yuko pale nyuma. Nilikiri kwa bwana shauri, nikakiri kwa wazee, wewe sijakuambia kitu. Nisamehe, mama.