Bi Yuko Wapi, Karani wa Dirisha la Usajili

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa mwisho wa marehemu. Chuo alichokitumikia kilileta wasifu mwingine ukiwa umeshachapwa, kurasa mbili, wenye maneno "mtumishi mtiifu" mara nne. Familia iliusoma ikaurudisha. Marehemu hakuwa mtiifu, na waliokuwa wakimwamrisha wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali na mama yake alifua nguo za watu. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa amenuna, kana kwamba kuna mtu kamchelewesha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1979. Januari 1980 aliingia chuo cha uhazili, na wiki ya saba akarudishwa nyumbani kwa kuwa fomu yake haikuwa na muhuri. Alipoufuatilia alipigwa danadana. Ofisi hii ilimtuma ile, ile ikamwambia aje kesho, na kesho yake mwenye muhuri alikuwa likizo. Alikata tamaa, akakaa mwaka mzima akimsaidia mama kufua. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Aliporudi mwaka 1981 alipekua daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, akakuta jina lake limewekewa vema kila siku mpaka mwisho wa muhula. Kwa mujibu wa chuo, alikuwa darasani wakati wote aliokuwa kwenye karai la nguo. Kisa hicho alikisimulia akicheka, lakini watoto wake walijua wakae mbali naye kwa muda kidogo.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa na chuo cha jamii kuwa karani wa usajili. Alikaa nyuma ya kioo chenye kitundu cha kupitishia karatasi, na kitundu hicho kilikuwa chini mno kiasi kwamba wanafunzi waliongea wakiwa wameinama. Mwaka wake wa kwanza aliomba kioo kitolewe. Mwaka wa tatu akakitoa mwenyewe kwa bisibisi. Kila ilipofika wiki ya saba alichukua daftari la mahudhurio, akapita darasa kwa darasa kutazama viti vitupu, akauliza, "Huyu yuko wapi?" Ndivyo alivyopata jina la Bi Yuko Wapi. Walimu walilitumia kumkejeli. Wanafunzi walilitumia kwa heshima.

Mwaka 1999 kiti kimojawapo kilikuwa cha binti aliyesomea umeme. Marehemu alimkuta kwa dobi, anapiga pasi huku mtoto mchanga amelala kwenye kikapu cha mashuka.

"Mwanangu, mbona umetuacha?"

"Sijawaacha, mama. Somo linaanza saa moja, na anayenishikia mtoto anafika saa mbili. Nilienda naye darasani, mwalimu akasema karakana si ya kulelea watoto."

"Ulimwambia nani?"

"Mshauri wa wanafunzi. Nilikuta mlango umefungwa. Nikaenda tena, umefungwa."

Mshauri huyo alikuwa mmoja kwa chuo kizima, na muda mwingi alikuwa ametumwa na Mkuu wa Chuo kwenye shughuli nyingine. Marehemu alimkalia kooni mkuu wa karakana siku nane mfululizo, mpaka somo likasogezwa saa tatu. Binti alirudi. Wakarudi na wengine kumi na mmoja ambao hakuna aliyewahi kujua kwamba saa hiyo ndiyo iliyowashinda. Binti yule sasa ni fundi, na anafundisha umeme pale pale. Yupo hapa leo na ovaroli yake, kwa sababu ametoka kazini moja kwa moja.

Tangu hapo marehemu aliandika kila aliyetoweka na sababu yake katika daftari lake mwenyewe. Mwaka 2004 alipeleka maombi kwa Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye Mkuu hadi leo. Aliomba masomo ya siku moja yafuatane, ili mwenye kibarua asikae saa tano akisubiri kipindi cha pili. Aliomba wanaoshindwa jaribio la hesabu wasirudishwe nyuma mwaka mzima, bali wasaidiwe wakiendelea na fani zao. Aliomba chumba cha watoto, na mshauri anayekaa ofisini. Mkuu alisoma ukurasa wa kwanza.

"Wewe ni karani," alimwambia. "Anayetaka kusoma atasoma. Wavivu tusiwafuate majumbani."

"Nimewafuata mimi, mkubwa. Wavivu niliowakuta ni wawili. Nikupe sababu za waliobaki?"

Hakutaka kupewa. Mwezi uliofuata marehemu alihamishiwa stoo ya vifaa vya usafi, chumba kisicho na dirisha, na huko alikaa miaka kumi na saba. Wanafunzi walimfuata huko huko, wakawa wanakaa juu ya madumu ya sabuni kumweleza shida zao. Walimu watatu, kwa siri, walianza kupanga vipindi vyao alivyotaka yeye. Watu wakaanza kumaliza masomo. Mkuu alipoziona takwimu za waliomaliza aliitisha mkutano, akaziita matunda ya mkakati wake.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1987, na fundi wa taipureta. Fundi alikuja kutengeneza mashine ya ofisi ya usajili, marehemu akamwambia apange foleni kama wengine. Akapanga. Mara ya pili mashine ilikuwa imeharibika kweli. Mara ya tatu ilikuwa nzima, ila alipanga foleni vilevile. Walijaliwa watoto wawili. Hakuwa mke wa kubembeleza, na mumewe ameomba hilo lisomwe. Alisema tu kwamba katika miaka thelathini na sita hakuwahi kuchelewa kurudi bila kukuta mtu amekaa anamsubiri.

Marehemu alistaafu mwaka 2021. Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Aprili, marehemu akiwa amelazwa, Mkuu wa Chuo alifika na maua. Chuo kilikuwa kinawania tuzo ya kuwasaidia wanafunzi wasiache masomo, na waamuzi walitaka kuona kumbukumbu. Alikuja kuomba daftari.

Marehemu alikuwa hawezi tena kuinua kichwa. Alimwambia, "Nitajie mwanafunzi mmoja. Mmoja tu, kwa jina lake, na kilichomwondoa."

Mkuu alitazama chupa ya dripu. Alisema wanafunzi ni wengi.

"Basi nenda, mkubwa. Mume wangu, mfungulie mlango."

Siku iliyofuata alimkabidhi daftari yule binti wa umeme, ambaye sasa ni mwalimu. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, dada mmoja na wadogo wawili. Ameacha pia watu waliojaa nyuma ya viti hivi, wengi wao familia haiwafahamu, ambao tangu asubuhi wamekuwa wakijitambulisha kwa mwaka waliotaka kuacha chuo.

Mkuu wa Chuo ameomba dakika tano za kuzungumza. Familia imekaa, imelijadili ombi lake, na imemnyima.

Dada yetu apumzike sasa. Amechoka kwa haki.