Ndama wa Dainosa

Benchi la Mandewa, hapa Singida, lipo ubavuni mwa banda la video la Mselemu, mahali ambapo ukuta wa mabati unakinga upepo unaotoka ziwani. Kuanzia alasiri watu wake ni walewale. Yupo Mselemu mwenyewe, wanayemwita Direkta, mwenye runinga kubwa na spika mbili. Yupo Sixbert, fundi baiskeli, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kusema hajui. Yupo Rahimu Kuku, anayenunua kuku huko Ulemo na kuwapandisha basi la Dar. Yupo Hanifa mwenye birika la kahawa, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Na yupo Zefania. Kwa miaka kumi na minne Zefania alikaa kando ya runinga ya Mselemu, maiki mkononi, akiwatafsiria watu filamu za Kizungu papo hapo, sauti moja kwa wote: mzee, binti, jambazi, mtoto. Walimwita Sauti. Jumamosi hii hakuwa na sauti ya kuitika hata shikamoo. Jumatatu angepanda basi kwenda Dodoma, na huko madaktari wangeutoa uvimbe wa kooni pamoja na kisanduku chote cha sauti. Benchi zima lilijua. Ndiyo maana benchi zima lilikuwa linazungumzia dainosa.

— Kesho naipiga ile ya dainosa wa barafuni, alisema Mselemu. Ya kumuaga ndugu yetu.

— Ile mbovu? aliuliza Rahimu.

— Mbovu wewe.

— Direkta, helikopta moja inalipuka mara tatu! Ileile, na namba ileile ubavuni. Na yule dada anatoka mtoni nywele kavu, utadhani katoka saluni.

— Na yule mwanasayansi, aliongeza Hanifa huku akimimina kahawa. Analiwa mwanzoni kabisa, halafu mwishoni kasimama nyuma ya wenzake anapiga makofi.

— Yule ni pacha wake, alisema Profesa.

— Wamesema wapi kwamba ni pacha?

— Mama, filamu kubwa haikutafunii kila kitu. Uwe na akili ya kuelewa.

Zefania alitazama ndani ya kikombe chake. Siku ya kwanza ya filamu ile, mtu aliyeliwa alipotokea tena mzima, banda lilianza kupiga miluzi. Zefania alisema kwenye maiki kwamba huyo ni pacha wake, kafika jana kutoka Arusha, na bado hajaambiwa msiba. Miluzi ikakatika. Mzee mmoja wa mbele alisema pole.

— Sasa nani atatafsiri? aliuliza Rahimu, kisha akajuta, maana wote waliangalia chini.

Mselemu alikohoa.

— Hatatafsiri mtu. Kuna yule kijana Alute wa Unyambwa, ananisumbua kweli na hiyo maiki. Nimemwambia apite leo, nimkatalie uso kwa uso. Kiti cha Sauti hakikaliwi na mtu. Filamu nzuri inajisimamia yenyewe.

Aliyasema haya akimtazama Zefania, kama mtu anayetoa zawadi aliyoitafuta siku nyingi. Zefania aliipokea kama anayepewa kiatu kisicho cha mguu wake. Alishukuru kwa kichwa, na kiatu kikambana. Ikiwa filamu ilijisimamia yenyewe, yeye alikuwa anafanya nini pale kwa miaka yote ile?

Lakini wenzake walikwishaona njia ya kumfariji, wakaingia nayo wote kwa pamoja.

— Inajisimamia kabisa! alisema Profesa. Chukua kile kishindo cha miguu. Humwoni mnyama nusu saa nzima, unasikia tu, dum, halafu kimya. Maji yanatikisika kwenye ndoo. Mtengenezaji wa leo atakuonyesha meno dakika ya kwanza. Yule ana subira.

— Hapo nakubali, alisema Rahimu. Na kile kijiji kilichofunikwa na barafu, watu wameketi mezani, vijiko mkononi. Niliota wiki nzima.

— Na ni filamu ya ukweli, alisema Profesa. Dainosa walikuwepo hapahapa Tanzania. Lindi huko mifupa ilichimbwa, Wajerumani wakaibeba.

— Lindi ni Lindi, alisema Rahimu. Hapa je?

— Hapa? Profesa aliweka kikombe chini. Haya majabali ya Singida mnafikiri ni nini? Angalia lile lililolala juu ya lingine, la duara. Nani alilipandisha? Yale ni mayai.

— Mayai!

— Yaligoma kuanguliwa, yakageuka mawe. Baridi ya Singida mnaijua.

Hanifa alicheka mpaka birika likatikisika. Rahimu hakucheka. Alikuwa na lake.

— Mayai yaliyogoma ni hayo ya mawe. Mengine yalianguliwa. Nina ushahidi, nalala nao nyumba moja. Mshike kuku wa Singida mguu, mtazame kucha, mtazame jicho. Mbona wa kizungu ukimchemsha nusu saa kaiva, wa kwetu anakula gunia la mkaa? Yule si kuku. Yule ni mjukuu. Wakubwa wa Dar wanaagiza kuku, mimi nawapandishia dainosa kwenye buti ya basi.

— Ndiyo maana wanakudonoa, alisema Mselemu. Unasafirisha ukoo wa watu.

Hata Zefania alicheka, mabega tu yakipanda na kushuka. Kicheko kilifika kooni kikamchoma, akaweka kiganja shingoni. Wote walimwona. Upepo ukapiga mabati.

Hanifa ndiye aliyeanza tena, lakini si kwa utani.

— Mimi hayo ya kishindo na barafu siyajui. Ninalolijua ni moja. Yule dainosa jike amewabana watu pangoni, meno nje, bado kuwameza tu. Halafu anageuka anawaacha, kwa sababu amemsikia ndama wake. Mnakumbuka?

— Nani atasahau, alisema Rahimu.

— Wakati ule mwanangu Sijaona alikuwa kwa bibi yake Manyoni, mwaka wa tatu. Nilikuwa najiambia nitamchukua nikipata nafasi, nitamchukua mambo yakikaa sawa. Nilitoka kwenye banda hilo, sikulala. Asubuhi nikapanda gari. Mnyama mwenye kichwa kama gunia ameacha chakula chake amfuate mtoto, mimi nina udhuru gani? Basi filamu iwe na helikopta kumi zinazolipuka, sijali. Aliyemweka yule ndama alijua anachofanya.

Zefania alimtazama Hanifa kwa muda mrefu. Hakuwahi kulisikia hilo. Alikumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Waliotengeneza filamu walishindwa kuwatoa watu pangoni, basi wakamgeuza mnyama akaondoka bila sababu yoyote. Vijana wa nyuma walianza kucheka. Zefania aliona filamu inamfia mkononi, akasema neno la kwanza lililomjia. Amemsikia ndama wake. Yeye ni mtoto wa wafugaji, ng'ombe jike hageuki hivyo ila kwa ndama. Tangu siku ile, kila filamu iliporudiwa, alimwongezea ndama kidogo: leo amepotea, kesho analia kwa mlio aliouigiza mwenyewe kwenye maiki, keshokutwa anachechemea, mpaka mwisho akawa anawasili salama. Sasa angependa kumwambia Hanifa. Au asimwambie. Hakuwa na uwezo wa kuchagua, na hilo ndilo lililomuuma.

Kijana mmoja alisimamisha baiskeli, akaja mpaka mbele ya benchi na kuinama kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika. Alikuwa ndiye Alute wa Unyambwa, kijana mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

— Kijana wangu, alianza Mselemu, nilikuita ili nikwambie...

— Najua utanikatalia, baba, na si vibaya. Naomba tu niulize kitu kimoja kabla. Nimeitafuta ile filamu, nimeiangalia kwenye simu mara mbili, yote mpaka majina yanapopita. Yule ndama niliyemsikia hapa bandani anatokea sehemu gani? Simwoni.

— Humwoni? Profesa alicheka. Yupo nyuma ya jabali, kushoto.

— Kulia, alisema Rahimu. Karibu na mto. Rangi ya majivu.

— Majivu gani? alisema Profesa. Alikuwa wa hudhurungi. Anachechemea.

— Hakuchechemea! alisema Mselemu. Mimi ndiye mwenye banda, nimemwona mara ngapi? Yuko... Yuko pale wanapo...

Kila mmoja alirudi kichwani mwake kumtafuta ndama, na kila mmoja alikuta jabali, mto, barafu, na giza la pangoni, na juu ya vyote hivyo sauti ya mtu aliyeketi kando ya runinga. Mmoja baada ya mwingine wakageuka kumtazama mtu huyo.

— Zefa, alisema Hanifa taratibu. Hayupo?

Zefania alitazama mikono yake. Kisha akanyoosha mmoja mbele ya goti, chini kidogo ya kiti, kuonyesha kimo. Hakulaza kiganja kama mtu anavyoonyesha kimo cha mbuzi. Alikielekeza juu, vidole vikikunjuka, kama bibi yake alivyomfundisha kuonyesha kimo cha mtoto wa mtu, ili usimdumaze. Aliushikilia mkono hapo mpaka Hanifa akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakimtoka.

Mselemu alijifuta uso kwa kofia yake.

— Kaa, kijana, alisema. Hanifa, mpe kahawa.

Hanifa aliinamisha birika. Yalitoka matone mawili na masimbi ya chini. Alute alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa benchi karibu na Zefania.

— Kimo nimekiona, baba. Sasa, analiaje?

Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Rahimu alijaribu, ikatoka ya kuku, akaona aibu. Mlio ule wote walikuwa nao masikioni, mdogo, unaopanda mwishoni kama unauliza, na hakuna aliyeweza kuutoa.

Zefania aliweka mkono shingoni, akavuta pumzi, akajaribu. Ulitoka upepo tu.

Alute aliweka kikombe chini, akainama, akasogeza sikio lake mpaka likakaribia kugusa midomo ya Zefania.

— Rudia, baba, alisema.