Mkono Uliompiga Octave Fauria

Mchungaji, mama yetu Ernestine, shemeji Corinne, ndugu na majirani, kwetu historia ya marehemu huchapwa kwenye karatasi, kila mtu akaisoma kimya kimya huku kinanda kikilia, lakini mama amekataa, amesema hii isomwe kwa sauti, na isomwe na mimi, Lucien, kaka yake, ambaye nyote mnajua kuwa ni mkono wangu uliompiga. Wapo waliomwambia mama kwamba ni aibu, naye akawajibu, “Aibu nimeiacha hospitali, asome.” Shemeji alipoulizwa kama nitakuwa mmoja wa wabeba jeneza sita, alisema atajibu akishasikia yote, bila kurukwa kitu, nami leo sitaruka.

Marehemu Octave Renard Fauria alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 9 Juni 1995 hapa Vacherie, Louisiana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama Ernestine na marehemu baba yetu Alcide, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari. Alianza shule ya msingi Agosti 2001, na wiki ile ile akaadhibiwa kwa kuwashawishi wenzake wagome kula chakula cha mchana, akamaliza sekondari Mei 2013, kisha akaenda New Orleans kusomea sanaa za maonyesho, akahitimu Mei 2017. Baba alimwuliza sanaa hizo zinalipa nini, Octave akamwambia, “Zinalipa maneno, baba, na wewe unadaiwa mengi.” Ndivyo alivyokuwa, ulimi haukuwa na kizuizi.

Agosti 2017 aliajiriwa kuwa mwalimu wa sekondari, na Januari 2020, pamoja na waandishi wenzake wanne, vijana weusi kama yeye, akaanzisha kundi la Waasi Watano, ambalo kila Februari huonyesha michezo mitano mifupi, dakika kumi kila mmoja, na kila mwandishi humchagua mtu wetu wa zamani aliyekataa kupiga magoti. Tarehe 2 Oktoba 2021 alifunga ndoa na Corinne katika kanisa hili, na tarehe 11 Mei 2022 wakabarikiwa binti yao Zelie, ambaye leo amelala mapajani mwa bibi yake na hajui tumekuja kufanya nini.

Mwaka huu Octave alimchagua Hilaire, mtumwa mkata miwa ambaye bibi yetu alitusimulia kwamba alimwua mnyapara wake kwa panga. Hakuna mwigizaji aliyetaka kuwa mnyapara, Octave akasema, “Nimemwandika mimi, nitamvaa mimi.” Kijana wa kumwigiza Hilaire alipovunjika mguu, Octave alikuja kwangu akaniambia, “Kaka, wewe umekata miwa na babu, hao wengine wanashika panga kama upawa.” Nikamwambia sijui kuigiza, akacheka, “Nani kakuomba uigize? Kasirika tu, hiyo kazi unaiweza tangu utotoni.” Nikakubali, kwa sababu sikuwahi kumkatalia kitu.

Mapanga yalikuwa mawili. La kweli lilikuwa la kukatia miwa mwanzoni, kwa kuwa Octave alitaka watu wasikie muwa ukikatika, na sheria ya kundi ilikuwa kwamba nikishakata nitoke, nilitumbukize katika ndoo ya mchanga nyuma ya pazia, nirudi na la mpira. Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa tisa alasiri, nilikata miwa, nanyi mkasimama, mkaitikia kama mnavyoitikia mahubiri, mkapiga miguu sakafuni, mkaita, “Sema nao, Hilaire!” Sijawahi kushangiliwa maishani mwangu. Mnyapara akaingia na mjeledi wake, akanipa mgongo kama ilivyoandikwa, nanyi mkaita, “Mmalize!” Nami sikuikumbuka ndoo.

Nilimpiga begani kwa nguvu zangu zote. Damu ikaruka, na sikushtuka, kwa sababu chini ya shati alikuwa amefunga mfuko wa damu ya bandia. Mchezo ulitaka mapigo matatu.

Polisi walipeleleza wakaandika kuwa ni ajali, na hapo ndipo wote mnapoishia kujua. Shemeji, hili sikukwambia, wala polisi sikuwaambia, kwa sababu hawakuniuliza. Baada ya pigo la kwanza Octave aligeuka, akanitazama, akasema, “Kaka, ngoja.” Nilimsikia. Nilidhani amebadilisha maneno, maana alizoea kubadilisha maneno jukwaani, lakini mnyapara hamwiti mtumwa kaka, hata mjinga anajua hivyo, na neno hilo moja lingetosha kuuzuia mkono wangu. Niliwasikiliza nyinyi badala yake, nikampiga tena, shingoni. Akaanguka, na mkapiga makofi. La tatu sikulipiga, kwa sababu mama Odile, mhudumu wa mapokezi wa kanisa letu, alisimama kwenye kiti chake akasema, “Nyamazeni, huyo mtoto anakufa kweli.”

Alifikishwa hospitali saa kumi kasoro dakika tano, akafariki saa moja na dakika kumi jioni, akiwa na miaka ishirini na minane, miezi minane na siku nane, bila kuzinduka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana kwa zaidi ya saa tatu, majirani waliotuletea wali na maharage mekundu wiki mbili mfululizo hata tulipowafungia mlango, walimu wenzake, na Waasi Watano, ambao sasa ni wanne. Nanyi mliopiga makofi, siwalaumu, lakini msiniambie tena kwamba sikuweza kujua.

Shemeji, yote nimeyasema. Wabeba jeneza watano wasimame. Mimi nitakaa hapa mbele, na ukisema nisiliguse, sitaligusa, nitawafuata kwa nyuma mpaka kaburini.

Octave, mdogo wangu, nimengoja sasa, nimechelewa. Pumzika kwa amani.