Kinyozi wa Mkono wa Kushoto

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Taja jina, herufi za kioo cha simu bado zinanichezea.

KITINDA: Ni mimi, mama. Kitindamimba wako. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mwenzio hajambo?

KITINDA: Sijambo. Yeye… yupo. Mama, kaka amenipigia.

MAMA: Nilijua tu. Mara ngapi?

KITINDA: Mara nne tangu asubuhi. Anasema Jumamosi unaolewa.

MAMA: Saa nne asubuhi. Shangazi yako ndiye atakayepika.

KITINDA: Na anasema umenyoa nywele.

MAMA: Nimenyolewa.

KITINDA: Na kinyozi.

MAMA: Ulitaka ninyolewe na fundi bomba?

KITINDA: Mama, mimi sifanyi mzaha. Ni yule mzee wa kule kwenye mazoezi ya viungo, hospitalini, mwenye mkono—

MAMA: Mwenye mkono uliolala. Wa kulia. Kiharusi kilimkumba wiki mbili kabla yangu. Huyo huyo, wala hujakosea.

KITINDA: Mwaka haujaisha tangu uanguke pale kwenye cherehani. Walisema damu iliziba kwenye ubongo. Ubongo, mama, si goti. Kaka anasema tangu hapo si wewe. Unachekacheka. Unaimba jikoni.

MAMA: Mtu akiimba jikoni kwake ni mgonjwa?

KITINDA: Hukuwahi kuimba.

MAMA: Basi mngeuliza hilo. Kwa nini miaka yote ile sikuimba.

[mkwaruzo]

KITINDA: Haloo? Mama? Sauti inakatika.

MAMA: Nasogea dirishani… Haya. Unanipata?

KITINDA: Nakupata. Sasa sikiliza, nimesoma kidogo. Mapenzi haya ya ghafla ni kemikali tu za kichwani. Ubongo unamwaga vitu fulani, mtu anajiona anapaa. Vikikauka, anabaki anajiuliza huyu aliyelala pembeni yangu ni nani. Na huo ni ubongo mzima. Wa kwako umeshaguswa—

MAMA: Na njaa?

KITINDA: Njaa imefanyaje?

MAMA: Njaa nayo si kemikali za kichwani? Mbona unakula?

KITINDA: Mama.

MAMA: Nijibu. Mbona hujakaa chini ukasubiri ikauke?

KITINDA: Hilo si jibu.

MAMA: Haya, nitakupa jibu. Lakini nikikwama usini— usini—

KITINDA: Nisikukatize.

MAMA: Usinimalizie. Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta. Umenipa la kwako, la kwangu limekimbia, nimelirudisha kwa shida. Miezi tisa ndivyo mnavyonifanyia. Mnadhani ni msaada.

KITINDA: …Haya. Endelea.

MAMA: Wiki ya kwanza kule kwenye mazoezi, muuguzi alikuwa ananionyesha picha nitaje. Unajua nilikuwa na neno moja tu. Sindano. Kijiko, sindano. Mlango, sindano. Mbuzi wa watu, na pembe zake, sindano.

KITINDA: [anacheka kidogo] Kaka alinisimulia.

MAMA: Alisimulia kila mtu. Watu wakiniuliza hali, anajibu yeye. Hajambo, amekula, amelala. Mimi nipo pale pale, nimekaa kama kabati. Sasa huyu mzee alikuwa benchi la mbele yangu. Anahamisha maharage kutoka bakuli hadi bakuli kwa mkono wa kushoto, moja moja, yanamponyoka. Akaniuliza, dada, jina lako nani?

KITINDA: Kaka akajibu.

MAMA: Alikuwa ametoka nje na simu. Nikafungua mdomo, jina hakuna. Jina langu mwenyewe. Yule mzee akaweka bakuli chini, akanitazama kama mtu aliyebandika maji jikoni. Hana haraka, na hana shaka kwamba yatachemka. Benchi zima likaondoka, tukabaki sisi wawili. Nikatafuta, nika… nika… nikapapasa. Mwisho nikalitaja. Hakupiga makofi, maana na hilo hunikera. Alisema tu, nashukuru kukufahamu. Akarudi kwenye maharage yake. Upo?

KITINDA: Nipo.

MAMA: Miaka arobaini amenyoa watu. Mkono ukalala, wateja wakahamia jirani. Kila siku anafungua duka, anafuta kioo, anakaa. Nani atampa kichwa chake mtu wa mkono wa kushoto? Nikamwambia, hiki hapa. Kimeshapasuka ndani, huwezi kukiharibu zaidi. Alitetemeka mpaka jasho likanidondokea sikioni. Upande wa kulia umepanda kama ngazi, wa kushoto umebaki na kichuguu. Tulipojiona kwenye kioo, mwanangu, tulicheka mpaka mwenye duka la pili akaja kuchungulia.

KITINDA: Kaka anasema huo ndio ushahidi wake.

MAMA: Wa nini?

KITINDA: Mama, kaka ana barua. Ya daktari wa ubongo. Ndiyo maana nimepiga. Sikutaka uisikie kwa watu. Anasema imeandikwa akili yako haijatulia, kwa hiyo ndoa lazima isimame.

MAMA: Amekusomea hiyo barua?

KITINDA: Hapana. Amesema inajieleza.

MAMA: Inajieleza kweli. Ngoja.

KITINDA: Mama? Unafanya nini?

MAMA: [karatasi zinachakarika] Natafuta miwani. Daktari alinipa nakala yangu, mkononi mwangu. Kaa kimya sasa, nasoma mwenyewe.

KITINDA: Nisomee.

MAMA: "Mgonjwa ana… ana shida ya… kutafuta maneno." Hiyo kweli. "Kumbu… kumbukumbu yake ni nzuri. Anaelewa ana… anachoulizwa, na… ma…"

[kimya]

MAMA: "…matokeo ya anachoamua. Uamuzi wa kuolewa ni… wake." Halafu kuna sahihi, na mhuri.

KITINDA: Soma tena huo mstari wa mwisho.

MAMA: Uamuzi wa kuolewa ni wake.

KITINDA: Na kaka aliiona?

MAMA: Alikuwa kiti cha pili. Aliisoma kabla yangu.

KITINDA: Sasa kwa nini aniambie—

MAMA: Anaogopa. Simchukii. Amenilisha kwa kijiko miezi mitatu, mtoto wa kiume, wala hakulalamika. Lakini ukishamlisha mzazi kwa kijiko unasahau kwamba ana meno. Mwambie nimesema: Jumamosi, saa nne. Kiti chake kipo mbele. Asipokuja, tutakikalia.

KITINDA: Daktari alikuuliza nini hasa?

MAMA: Tarehe. Kuhesabu kinyumenyume. Akaniuliza, na mwenzako kiharusi kikimrudia? Nikasema nitamwosha. Na wewe kikikurudia? Ataniosha yeye. Kwa mkono mmoja itachukua muda, lakini sisi muda tunao. Kaka yako akainama chini.

KITINDA: Na huogopi, mama? Mtu mwenyewe mgonjwa—

MAMA: Naogopa. Usiku mguu ukifa ganzi naogopa sana. Nani kakwambia anayeolewa haogopi? Baba yenu nilimpa miaka ishirini na tisa, Mungu amrehemu, na nyumba ikasimama. Kila mtu aliridhika. Hakuna daktari aliyeitwa kunipima akili siku ile nilipoacha kuzungumza mezani. Nimeanza kucheka, ndiyo mnanipeleka hospitali.

[mkwaruzo]

KITINDA: …sikujua.

MAMA: Ulikuwa mtoto. Mbona sauti yako iko karibu hivyo, kama umejifunika? Uko wapi?

KITINDA: Kwenye gari.

MAMA: Unakwenda wapi saa hizi?

KITINDA: Nimeshafika. Nipo hapa chini ya nyumba yetu, nimeegesha.

MAMA: Umefika saa ngapi?

KITINDA: Saa kumi na moja.

MAMA: Sasa hivi ni saa moja kasorobo.

KITINDA: Nilikuwa… kulikuwa na barua pepe za kazini. Nilitaka kuzimaliza.

MAMA: Taa za juu zinawaka?

KITINDA: Zinawaka. Mwenzangu yupo.

MAMA: Na huwa unakaa hapo kila siku?

KITINDA: Si kila siku. Jumapili sikai.

MAMA: Daktari aliniuliza swali moja nje ya karatasi zake. Alishaweka kalamu chini. Akasema, mama, ukiwa na jambo dogo, la kijinga, labda umeona kuku amepanda kwenye pikipiki, unakwenda kumwambia nani? Nikamjibu kabla hajafunga mdomo. Wala sikukwama.

KITINDA: Mama—

MAMA: Sikuulizi kitu.

KITINDA: Najua.

MAMA: Nakusimulia tu.

KITINDA: Jumamosi nitakuja.

MAMA: Karibu.

KITINDA: Naweza kuja Ijumaa?

MAMA: Njoo.

KITINDA: Au kesho. Kesho naweza kuomba ruhusa kazini. Nitakuja… nitakuja pe… [mlio] Salio hilo, linanionya.

MAMA: Sema. Nasubiri.

KITINDA: Peke yangu.

MAMA: Nimesikia. Kitanda chako kimejaa vitambaa vya wateja, navitoa sasa hivi.

KITINDA: Usihangaike, mguu huo—

MAMA: Mguu wangu, nyumba yangu. Nguo lete za kutosha.

KITINDA: Za harusi?

MAMA: Za kutosha, mwanangu.

KITINDA: …Sawa. [mlio] Kaka nitampigia mimi. Nitamwambia anisomee barua yote, neno kwa neno, mpaka kwenye mhuri.

MAMA: Taratibu naye.

KITINDA: Sitaki taratibu. Mama, itakatika sasa hivi. Na huyo kinyozi wako, yupo hapo?

MAMA: Yupo barazani, ananisubiri nimalize.

KITINDA: Mwambie… mwambie kesho nitakuwa na nywele za kupunguza. Na mwambie shika—

[Simu inakatika.]