Kitambaa Chekundu cha Fundi wa Mabango

Marehemu dada yangu, ambaye wateja walimwita Bi Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Tulizaliwa wawili tu. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, na mniwie radhi sauti ikinipanda.

Alianza shule mwaka 1968. Akiwa darasa la nne aliambiwa achore familia yake. Akatuchora sote kwa visogo. Mwalimu akamwita baba. Baba akaitazama karatasi, akasema, "Huyu ni mimi. Kipara changu nakijua."

Alijifunza uandishi wa mabango, na mwaka 1984 akafungua karakana karibu na stendi. Majina ya watu aliyaandika mtaa mzima. La kwake hakuliandika popote.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, wakajaliwa binti mmoja. Waliachana baada ya miaka tisa, bila ugomvi. Shemeji aliwahi kuniambia, "Dada yako mtu mwema. Lakini miaka yote tisa mimi sikuvuka sebuleni."

Mwaka 2003 alichora picha yake pekee isiyokuwa ya biashara: mwanamke aliyefunikwa uso kwa kitambaa chekundu, amesimama ndani ya duara la chaki. Aliitundika chumbani kwake. Kila ndugu alidai kumjua mwanamke yule. Tukimwuliza, alijibu, "Ni mtu."

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipolazwa, nilikwenda kwake kufua mashuka. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakwangua kile kitambaa pichani. Chini ya chekundu kulikuwa na kingine, cha bluu. Chini ya cha bluu, ubao mtupu.

Aliporudi akaiona.

"Ungebisha hodi," alisema.

"Dada, nabisha tangu utotoni! Huitiki!"

"Hodi isiyoitikiwa, mtu huondoka."

Laiti angenifokea. Aliniomba tu nimshikie ubao, akapaka upya kwa alasiri nne. Alianza na bluu. Siku ya nne uvumilivu ukanishinda, nikamwuliza tena ni nani. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nimsogezee kopo la rangi.

Alifariki tarehe 2 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Kamati ya mazishi ilitaka picha ile ichapwe kwenye jalada la ratiba hii. Nilikataa, nikaitwa mchoyo. Na tangu juzi msibani, watu watano wameniuliza yule mwanamke ni nani. Sijui, jamani. Mimi ndiye niliyemkwangua, na sijui! Miaka sitini ya udugu, na sijui.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake.

Apumzike kwa amani. Nasi tumwache apumzike.