Ujumbe Wangu Unakwenda kwa Nani?

KITINDA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

DADA: Hunijui?

KITINDA: Namba ngeni hii. Nani—

DADA: Kitindamimba wa mama yetu hajui sauti ya dada yake.

KITINDA: Aah, dada! Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona umeshtuka?

KITINDA: Sijashtuka. Mtandao tu, unakwaruza. Hiyo simu ya nani?

DADA: Ya mteja. Yangu ikiita hupokei, siku ya tatu leo.

KITINDA: Kazi, dada. Ofisini kwetu mambo ni—

DADA: Kazi hiyohiyo ndiyo nimekupigia. Nifundishe maneno ya tovuti.

KITINDA: Wewe? [anacheka] Mwaka wa pili tangu nikutengenezee, hujauliza hata—

DADA: Asiyejua maana haambiwi maana. Leo nataka kuambiwa. Nimeshika karatasi na chaki ya kukatia. Domeni ni nini?

KITINDA: Domeni ni jina la tovuti. Lile mtu analoandika ili akufikie. Kama kibao kilicho juu ya mlango wa duka lako.

DADA: Kibao. Kimeandikishwa kwa jina la nani?

KITINDA: Lako. Kwa nini una—

DADA: Nauliza tu. Seva?

KITINDA: Kompyuta kubwa inayowaka saa zote. Picha zako, maandishi yako, vyote vimekaa humo. Kibao ni jina, seva ndiyo chumba chenyewe.

DADA: Kivinjari?

KITINDA: Programu ambayo mtu anafungulia tovuti kwenye simu yake. Tuseme njia anayopita mpaka mlangoni kwako.

DADA: Msimbo?

KITINDA: Dada, nani amekuandikia hayo maneno?

DADA: Msimbo, Kitinda.

KITINDA: Ni maagizo tunayoiandikia kompyuta. Kama vipimo vyako vya daftarini: bega kumi na tano, kiuno ishirini na nane. Mengine yanasema kitu gani kikae wapi, mengine ni ya rangi na marembo. Mteja haoni vipimo, anaona gauni.

DADA: Na fundi akibadilisha kipimo, mwenye gauni hana habari.

KITINDA: Ee... ndiyo. Yaani—

DADA: Endelea. Kiungo.

KITINDA: Maandishi ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine. Uko ukurasa wa mwanzo, ule wenye picha yako, unabonyeza "Magauni ya Harusi", unatokea kwenye magauni.

DADA: Na nikibonyeza "Tuandikie"?

[kimya]

DADA: Haloo?

KITINDA: Nipo. Inafunguka fomu ya mawasiliano.

DADA: Vile visanduku. Jina, simu, ujumbe, halafu "Tuma". Ukishatuma, ujumbe unakwenda wapi?

KITINDA: Kwenye barua pepe iliyowekwa.

DADA: Iliyowekwa na nani?

KITINDA: Dada, sikusikii vizuri, nitakupigia ba—

DADA: Thubutu! Ukikata nakuja hapo ofisini kwenu na mkasi wangu mkononi.

KITINDA: Sijakata! Nipo.

DADA: Mwenye simu hii ni bibi harusi. Amesimama hapa mbele ya kioo. Ameijaza fomu hiyo mara tatu, hakujibiwa. Na bahati yako mbaya anafundisha kompyuta. Maneno haya kaniandikia yeye.

KITINDA: Huyo alinipita, nisamehe. Wengine wote nilikuletea.

DADA: Alikupita wewe? Kwani duka lako? Mchumba wako kanunua cherehani mwezi wa nne. Mwezi huohuo ujumbe kwangu ukakauka. Mimi mshona nguo, najua kuunga kitambaa na kitambaa.

KITINDA: Haki ya Mungu si hivyo! Fomu niliigeuzia kwangu, kweli, ila kila mteja aliyeandika nilikupigia nikakwambia, fulani anataka gauni, namba yake hii. Hukumbuki? Ulidhani ni watu wa ofisini kwetu.

DADA: Nakumbuka. Ndiyo maana naogopa zaidi. Mwizi wa wateja ningemwelewa. Wewe unawapokea, unaniletea. Sasa ulikuwa unaficha nini?

KITINDA: Kuna mtu aliandika, nikauona ujumbe wake kabla yako.

DADA: Mtu gani? Sema kwa sauti, inakwaruza.

KITINDA: Aliandika, "Kasindano, nimekujua kwa shingo."

DADA: Rudia.

KITINDA: Aliona ile picha, umeinama juu ya cherehani. "Kasindano, nimekujua kwa shingo. Mimi baba yako."

DADA: Jina hilo la utotoni tunalijua wewe, mimi, na mama aliye kaburini. Matapeli wamejaa mtandaoni kama nzi.

KITINDA: Hata mimi nilisema hivyo. Nikamuuliza alama. Akataja kovu la pasi, mkono wa kushoto.

DADA: Linaonekana kwenye picha.

KITINDA: Kwenye picha umevaa mikono mirefu, dada.

DADA: Nilikuwa na miaka kumi na minne alipotoka na mfuko mmoja. Wewe ulikuwa tumboni.

KITINDA: Najua.

DADA: Umesema "nikamuuliza". Kwa hiyo ulimjibu.

KITINDA: Dada—

DADA: Kwa jina la nani?

KITINDA: Ulishasema kwako wewe alikufa, nikaona nisikutoneshe kidonda—

DADA: Kwa jina la nani, Kitinda?

KITINDA: Lako.

DADA: Tangu mwezi wa nne umejifanya mimi.

KITINDA: Nilitaka iwe barua moja tu. Akajibu. Nikajibu. Ana maneno mazuri, dada, anasimulia mpaka unamwona.

DADA: Ukamwambia nini?

KITINDA: Kwamba hujambo. Kwamba duka linakwenda. Kwamba... umemsamehe.

DADA: Nani kakutuma usamehe kwa mdomo wangu? Mama alipofariki niliacha shule, nikakubeba mgongoni huku nakanyaga cherehani, leo unagawa msamaha wangu kama peremende!

KITINDA: Nisamehe.

DADA: Na huo nao utajipa mwenyewe, au utaningoja?

KITINDA: Nitakungoja.

DADA: Kwa nini hukumwandikia kwa jina lako?

KITINDA: Nilisubiri aniulizie. Barua kumi na moja, dada. Kauliza mama alizikwa wapi. Kauliza macho yako, kama bado yanakuuma. Kauliza hadi paka. Ile mimba aliyoiacha... hajauliza ilizaa nini. Dada? Upo?

DADA: Unalia?

KITINDA: Mafua.

DADA: Mafua. Haya, nipe nywila.

KITINDA: Ya barua pepe?

DADA: Ya kila kitu. Barua pepe, tovuti, seva. Usinifiche hata herufi.

KITINDA: Nakutumia sasa hivi. Ila dada... amesema anakuja.

DADA: Wapi?

KITINDA: Dukani. Anwani iko chini ya ukurasa. Keshokutwa.

DADA: Na ulipanga kuniambia lini? Akishabisha hodi?

KITINDA: Kila nikiona namba yako, ulimi unakauka. Ndiyo maana sikupokea.

DADA: Subiri... Ee, mwanangu, namaliza. Bibi harusi anasema salio linakwisha. Sikiliza, Kitinda. Sijui kama mtu huyo nitamfungulia mlango. Na wewe sijakuamini bado. Barua zote nitazisoma, mojamoja.

KITINDA: Sawa.

DADA: Halafu nitamwandikia mwenyewe, kwa vidole vyangu. Nitamwambia, yule aliyekuwa akikujibu siku zote—

KITINDA: Usimwambie! Dada, ataacha kuandika—

DADA: —ni mwanao. Muulize kwanza jina lake, ndipo uje. Na asipouliza—

KITINDA: Haloo? Asipouliza je? Dada?

KITINDA: Haloo?